Zamu ya nani mwezi huu?

Baadhi ya waliokuwepo wameniomba niweke kwa maandishi yale niliyoongea Jumamosi hapa Dodoma kwenye kikao cha waajiriwa wapya wa serikali. Sikuwa na karatasi, kuna kijana alirekodi kwa simu, nimesikiliza nikaandika, sijapamba. Pale nilipozunguka zunguka nimeacha hivyo hivyo maana ndo naongea hivyo.

Haya, Bwana asifiwe, asalaam aleikum, na ambao sijawagusa habari za mchana. Wakubwa zangu mliokaa nyuma kule karibu na mlango shikamooni, naona mmejipanga pa kutokea kirahisi, sio mbaya, nami nikiwa upande huo nafanya hivyo hivyo.

Mada niliyopewa imeandikwa "kuishi maisha yenye kusudi na uwiano". Nilipoisoma nikasema mh, hii wangempa mchungaji au wale jamaa wa suti za kubana wanaotembea tembea jukwaani. Mimi ni mhasibu wadogo zangu. Nina mume yuko Dar, nina watoto, nina mama kijijini, nina kiwanja Nzuguni sijamaliza kulipa, kwahiyo naongea nikiwa humo humo ndani, hesabu bado napiga.

Na nianze na yale ambayo sitawaambia. Sitawaambia msilale. Kuna hii injili ya mtandaoni, wenzako wamelala wewe pambana, mtu kaamka saa kumi usiku kapiga picha ya laptopu na kikombe cha kahawa katuma grupu la ofisi. Mtu mzima anahitaji kulala masaa saba hivi, madaktari wanalisema kila siku, na wewe uliyelala manne ukiniletea hati ya malipo mezani kwangu ntaikagua mara mbili maana najua sifuri umeanza kuziona mbili mbili. Halafu sitawaambia vilevile ile nyingine, jipende kwanza, kata watu wanaokuchosha, linda amani yako. Jamani. Mama anachosha. Mtoto wa miaka miwili anachosha kuliko bosi yeyote mtakayempata. Ukimkata kila anayekuchosha hapa Tanzania siku ya msiba wako tutafika mimi na afisa utumishi.

Hizo injili mbili watu wanadhani zinapingana, mi naona ni za baba mmoja mama mmoja, maana zote zinamwongelea mtu mmoja tu, wewe na ndoto zako au wewe na amani yako. Maisha ya huku kwetu hayana mtu mmoja. Ndo maana ukijaribu kuyapanga kwa ushauri wa mtu anayeishi mwenyewe kwenye fleti huko ughaibuni unashindwa, sio kwamba wewe mzembe, ni kwamba amekupa ramani ya mji mwingine.

Sasa nyinyi mmekuja Dodoma, karibuni, vumbi mtalizoea, upepo hamtauzoea. Uamuzi wa kuleta makao makuu hapa ni wa 1973, baadhi ya wazazi wenu walikuwa hata hawajaonana. Ukakaa ukakaa, mpaka Julai 2016 Rais Magufuli akasema sasa tunahama kweli, na watu wakahama kweli. Wanaoongelea kuhama kule huwa wanaongelea majengo ya Mtumba, ule mji wa serikali, na barabara na bei za viwanja, sawa, vyote vipo. Mi nataka niongelee watoto wa Ijumaa. Maana mtumishi alihama lakini mume wa mtumishi mwenye duka Kariakoo hakuhama, mke anayefundisha shule ya binafsi Tabata hakuhama, mama mkwe hakuhama, na mtoto aliyekuwa darasa la sita huwezi kumng'oa amebakiza mwaka mmoja amalize. Kwahiyo ikazaliwa familia yenye miguu miwili, mmoja huku mmoja kule. Kuna watoto baba kwao ni siku ya wiki. Ukimuuliza baba anakuja lini hakwambii kesho kutwa, anakwambia Ijumaa, hata kama leo ni Ijumaa na baba kasema wiki hii haji.

Enzi hizo mabasi ya usiku hayaruhusiwi, yamekuja kuruhusiwa tena 2023, kwahiyo Ijumaa lazima utoroke ofisini mapema, upande basi, ufike Dar saa tano saa sita usiku watoto wamelala, Jumamosi unalala wewe, Jumapili asubuhi ibada, saa sita mchana umeanza kuangalia saa. Hiyo ndo ilikuwa wikiendi. Halafu Julai 2024 treni ya SGR ikaanza kufika Dodoma. Masaa matatu na kitu, manne, uko Dar. Tulishangilia, mimi mmojawapo, nilisema hapa sasa nyumba za watu zimepona.

Na zingine zilipona kweli, sitaki kusema uongo. Kuna mwenzetu pale kwetu sasa hivi Ijumaa anafika nyumbani watoto wako mezani wanakula, anakula nao, kwake treni ni sadaka kutoka mbinguni. Lakini nimekaa nikaangalia na wengine. Zamani bosi alijua kabisa Ijumaa saa nane fulani hayupo, usimwekee kitu. Sasa bosi anajua kuna treni ya jioni, kwahiyo kikao cha saa tisa kinawekwa bila wasiwasi. Kuna wanaoitwa Dar Jumatano, kikao, wanarudi usiku huo huo, wamepita kilomita chache kutoka kwa watoto wao na hawakushuka. Yaani masaa yaliyookolewa na treni yakaliwa na kazi ile ile iliyokuwa inakula ya kwanza. Treni haina kosa hata kidogo, naipenda, mabehewa safi. Shida ni kwamba ukipata muda wa ziada na hujaamua mapema ni wa nani, anauchukua mwenye sauti kubwa. Na kazi ina sauti kubwa kuliko mtoto, ina barua, ina grupu la WhatsApp, ina muhuri.

Hapo ndo nafika kwenye jambo langu. Neno uwiano mi linanipa shida kwa sababu mtu akilisikia anafikiria kugawa sawa sawa, masaa manane haya, manane yale, manane ya kulala, siku imeisha. Hakuna mtu namfahamu anayeishi hivyo. Mwezi Juni mtu wa hesabu za serikali hana uwiano, mwaka wa fedha unafungwa tarehe 30, hata ukiniletea mada nzuri namna gani mimi Juni silali kwangu vizuri. Mama mwenye mtoto mchanga hana uwiano. Mwenye mgonjwa hospitali hana uwiano. Ukimwambia huyo "tafuta uwiano" umemtukana. Mi nafikiria zaidi kwa namna ya mchezo, ule wa kupeana pesa kwa zamu. Kina dada mnacheka, mnajua. Wanaume mjifanye hamjui ila najua wake zenu wanacheza na pesa mnatoa nyinyi.

Tuseme tuko kumi, kila mwezi kila mtu anatoa elfu hamsini, kijumbe anakusanya, laki tano anapewa mtu mmoja. Mwezi huo wengine tisa hawapati kitu na hakuna anayelia, kwa nini, kwa sababu kila mtu ana namba yake na anajua mwezi wake unakuja. Hicho ndo kitu nataka mkione. Hakuna usawa ndani ya mwezi mmoja, kuna mtu kabeba zote. Usawa uko kwenye mzunguko. Na mchezo unaruhusu kubadilishana, mimi nina namba tatu, wewe una namba saba, umepata dharura, unakuja kwangu unaniomba, "dada naomba namba yako mwanangu anaenda fomu one", naweza kukubali. Ila umeniomba. Hukuchukua ukaniambia baadaye. Na kuna yule aliyepokea namba mbili halafu mwezi wa nne simu haipokelewi, kahama na mtaa, huyo mnamjua jina lake sitalitaja hapa kuna wazee.

Maisha yako yana wachezaji wake. Kazi ni mmoja. Mwenza wako. Watoto kama wapo. Wazazi. Mwili wako. Mungu wako. Rafiki zako wawili watatu wa kweli, sio wale wa kadi za michango. Na kile kitu unachokipenda ambacho hakuna anayekulipa. Wote wanatoa kila mwezi, angalieni, wote wanakuchangia, mwili unatoa, mama anatoa dua, mwenza anatoa uvumilivu. Swali langu ambalo nataka mwende nalo sio una uwiano au huna. Ni nani hajapokea? Nani kwenye mchezo wako anatoa tu, mwaka wa tatu huu, na namba yake kila ikifika kuna aliyeruka foleni?

Na nimegundua wasiopokea siku zote ni wale wasiopiga kelele. Kazi itapiga kelele. Mkopo utapiga kelele, tena mkopo nauongelea sasa hivi maana nyinyi mshahara wa kwanza wa pili ndo mnapata, akili zimechangamka.

Mshahara wako kabla hujaugusa ulishagawiwa zamu na watu wengine. Uliyesoma kwa mkopo, Bodi ya Mikopo inachukua asilimia 15. PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, asilimia 5. Bima ya afya asilimia 3. Hapo 23 katika kila 100 zimeshakwenda na PAYE, ile kodi ya mshahara, sijaitaja, na chama cha wafanyakazi sijakitaja. Hizo sina ugomvi nazo, deni ni deni, uzee unakuja, kuugua kupo. Lakini mwezi wa tatu tu wa ajira utaona vijana wanakuja ofisini na vipeperushi, mkopo wa mtumishi, fomu moja, pesa leo leo. Unachukua, unanunua gari ya mkononi maana huwezi kupanda daladala na wewe ni afisa. Halafu utaratibu wa serikali unataka mtumishi abakiwe angalau na theluthi moja ya mshahara wake, sasa ukishafika kwenye theluthi huwezi kukopa benki tena, na gari imeharibika, ndo unaenda kwa wale wa kausha damu, wakopeshaji wa mtaani wa riba kubwa, wanashika kadi yako ya benki. Nawaambia hivi kwa sababu mkopo ndo mchezaji pekee asiyekubali kubadilishana namba. Mkeo utamwomba atakubali. Mama utamwomba mwezi ujao atasema sawa mwanangu. Mwili utauomba utanyamaza. Mkopo hauombeki, kila mwezi ni zamu yake. Sisemi msikope, mimi kiwanja changu kina mkopo. Nasema ukisaini pale hujakopa pesa ya benki, umekopa zamu za watu ambao hawakuwepo mezani wakati unasaini, na mara nyingi hata hawajui.

Tuje kwa wazazi, hapa ntakaa kidogo.

Kizazi chetu kimekuwa hodari sana wa kutuma na ya kutolea. Mama anapiga, mwanangu mbolea, unatuma, na ya kutolea. Paa limevuja, unatuma. Na ni jambo jema, kuna wasiotuma. Lakini nenda msiba wowote kijijini uangalie magari. Tumekuja wote! Aliyeko Mwanza kaja, aliyeko Mtwara kaja, ofisi imetoa ruhusa, grupu limechanga, kuna na fulana zenye picha ya marehemu. Msibani tunafika, kwenye uzima tunatuma. Marehemu mwenyewe angeulizwa ni lini angependa tuje sidhani angechagua hiyo siku. Sheria ya Ajira inatoa siku 28 za likizo kwa mwaka, sasa mtumishi anakaa mwaka wa kwanza hataki kwenda likizo, anasubiri mwaka wa nauli, ule ambao mwajiri anamlipia nauli ya likizo, nauli ikitoka anaitumia kumalizia choo cha kiwanja, mama anaambiwa kazi zimebana. Mwaka unaofuata vilevile. Mi nina msimamo na hili na najua kuna watakaonipinga, wapinge tu: siku tatu za kukaa na mama jikoni ukiwa hujashika simu zina thamani kwake kuliko laki uliyotuma, isipokuwa kama laki ile ni ya dawa. Kama ni ya dawa tuma laki. Lakini nyingi tunazotuma sio za dawa, ni za kutuliza dhamiri.

Kuna mama mmoja, wa mwenzetu, alikuwa akitumiwa pesa anapiga kumshukuru halafu anaanza kuongea habari za ng'ombe, mara jirani kajenga, mara mvua. Mwanae anamkatisha, mama sawa niko kikaoni. Mama hakuwa anatoa taarifa za ng'ombe. Alikuwa anadai namba yake kwa adabu.

Mwili nisiongee sana, mmeshakula semina. Presha ikisoma 140 kwa 90 na kuendelea, ikarudia hivyo hivyo ukipimwa siku nyingine, hiyo ni presha ya kupanda, na inakaa mwilini miaka haisemi kitu, ndo nilichosema, wasiopiga kelele. Hapa Dodoma jioni pana baridi nzuri, tembea. Mlenda upo sokoni, wenyeji wanakula na ugali wa uwele miaka yote, nyinyi mnaagiza chipsi mayai mpaka saa nne usiku. Nimemaliza.

Mungu nae kila mtu na njia yake, sitamhubiria mtu. Nasema tu kwamba ukiona yeye anapata dakika tatu ukiwa kitandani simu iko mkononi, usimlaumu akionekana yuko mbali.

Kuna huyu wa mwisho anayesahaulika, kile unachokipenda na hakikulipi. Watu wakiajiriwa hiki ndo cha kwanza kuuawa. Alikuwa anaimba kwaya, kaacha. Alikuwa anaandika mashairi chuo, kaacha. Alikuwa anacheza mpira, sasa ni mchambuzi. Sababu yetu ni moja, muda. Sasa Mwalimu Nyerere, nchi changa, yeye ndo Rais, alipata muda wa kukaa akatafsiri tamthilia mbili za Shakespeare kwa Kiswahili, moja ilitoka 1963 nyingine 1969. Hebu fikirieni ratiba yake halafu mfikirie zenu. Mtaniambia ah, huyo ni Mwalimu, alikuwa na wasaidizi. Haya, chukueni karani. Shaaban Robert alikuwa mtumishi wa serikali tu, tena ya mkoloni, karani wa forodha miaka na miaka, kisha akahamishiwa idara zingine, akamalizia ofisi za Tanga huko, ya mkuu wa jimbo na ya kupima ramani. Kazaliwa 1909, kafariki 1962, hakufika hata sitini. Ni mtumishi wa vituo, anahamishwa na barua, ana mkuu juu yake, kama nyinyi. Hakuna leo anayemkumbuka kwa mafaili ya forodha, na sidhani mafaili hayo aliyafanya vibaya. Jioni ilikuwa na zamu yake na hakuiruhusu forodha iichukue. Mshairi aliyeko humu ndani, najua yupo, ameingia na bahasha ya ajira kaficha daftari.

Sasa kusudi. Niliambiwa niongelee kusudi na muda unaenda. Mi sijawahi kutokewa na kusudi usiku. Wapo waliotokewa, nawaheshimu. Ila kwa kazi yangu mkaguzi akija hakuulizi ulikuwa na nia gani na fedha za umma, nia kila mtu anayo nzuri, anauliza hati ya malipo iko wapi, imelipwa nani, lini. Basi mjikague hivyo. Chukua simu, omba stetimenti ya miamala ya miezi mitatu, ya benki na ya simu yote mawili, fungua na orodha ya simu ulizopiga. Isome kama ya mtu usiyemjua. Ungesema huyu mtu anaishi kwa ajili ya nini? Utashangaa. Unasema familia ndo kila kitu kwangu, stetimenti inasema baa moja pale Area C, bando, na michango ya harusi za watu ambao bwana harusi humjui. Hapo usijipige kifua wala usilie. Mwisho wa ukaguzi kuna hoja, hoja zinajibiwa moja moja. Chukua mmoja ambaye hajapokea muda mrefu kuliko wote, mpe mwezi ujao. Mmoja tu. Ukisema mwezi ujao ntawapa wote utarudi kule kule.

Na mwambie! Hili ndo watu hawalifanyi. Sisi nyumbani kwetu mimi na mume wangu tukikutana mwanzoni mwa mwezi tunaambiana mwezi huu ni wa nani. Juni ni wa kwangu, wa hesabu, anajua, anabeba watoto na shule yao na homework zao, haniulizi ulifika saa ngapi. Agosti ananidai. Nanenane, yale maonyesho ya wakulima, mimi sionekani viwanjani Nzuguni japo viwanja vya maonyesho ni pua na mdomo na kiwanja changu, niko Dar, maana Agosti sio yangu. Tukishaambiana hata manung'uniko yanapungua, mtu anavumilia sana akijua lini. Asichovumilia mtu ni "nikipata nafasi". Nafasi haipatikani, nafasi inapangwa tarehe.

Hapo nikasema nimemaliza, maswali.

Kijana mmoja wa TEHAMA akauliza, mama, sasa bosi anatuma meseji saa nne usiku kwenye grupu, usipojibu kesho anakuangalia vibaya, hiyo zamu naibadilishaje. Nikamwambia kwanza ujue sheria ipo upande gani, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaongelea masaa 45 ya kawaida kwa wiki, yasizidi 9 kwa siku, na mapumziko ya masaa 24 kila wiki. Lakini usiende kwa bosi na kifungu mkononi mwezi wako wa pili kazini, utakuwa sahihi na utakuwa peke yako. Fanya hivi, meseji ya saa nne ijibu saa moja na nusu asubuhi, kila siku, bila kukosa, kazi imekamilika. Bosi wengi wanachotaka sio wewe usiku, wanataka uhakika kwamba hawajasahau kitu. Akishajua asubuhi utakuwa umemaliza atatuma usiku akalale. Wapo wachache ambao hilo halitawatosha, wanataka tu ujue nani mkubwa, na hao siwezi kukudanganya kwamba nina dawa yao. Mzee mmoja nyuma akasema "vumilia anastaafu", watu wakaangua kicheko.

Binti mmoja akasimama, huyu nilimpenda, akasema mama wewe unaongea vizuri lakini kwetu mimi ndo kijumbe na mimi ndo nachangia na sijawahi kupokea, mume wangu yupo hapa hapa Dodoma tunafika nyumbani saa moja, mimi naingia jikoni yeye anaingia kwenye taarifa ya habari. Ukumbi ukaguna. Nikamwambia mwanangu hilo sio la kuuliza kwa upole na mimi sitakujibu kwa upole. Watu wanapenda kusema mwanamke ana moyo wa kubeba mengi, moyo huo umetengenezwa kwa kukosa wa kupokezana naye. Baba akipata mtoto sheria inampa siku 3 za likizo, mama 84, na 100 wakiwa mapacha, basi wengine wamechukulia hizo siku 3 ndo kazi yote ya ubaba kwa miaka kumi na nane. Usianze na hotuba. Chagua siku mbili za wiki, mwambie Jumanne na Alhamisi jikoni ni kwako, na Jumanne ya kwanza akikaanga mayai ukala mayai usirudi jikoni kurekebisha. Wengi wetu tunashindwa hapo, tunamwachia zamu halafu tunaenda kumnyang'anya mwiko. Kaka mmoja akasema mbona mimi napika, nikamwambia kaa chini baba hujaulizwa wewe, tunakushukuru.

Wa mwisho alikuwa kijana ameoa juzi juzi, mkewe kapata ajira hapa Dodoma, yeye amesikia kuna nafasi ya kuhamia Katavi yenye cheo. Akauliza achukue cheo au abaki. Nikamuuliza mkeo anasemaje. Akasema sijamwambia, nasubiri barua itoke kwanza nisimpe presha ya bure. Nikamwambia barua ikishatoka hapo utakuwa humwombi namba yake, utakuwa unamtangazia umeshaichukua. Kuhusu Katavi sina jibu, cheo ni kitu kizuri na Mpanda ni mji watu wanaishi, na wapo walioenda wakarudi na nyumba yao imesimama. Mpigie leo, kabla ya chakula. Akisema nenda, mpatane ni kwa muda gani na baada ya hapo nani anamfuata nani. Akauliza tena utaratibu wa uhamisho wa kumfuata mwenza ukoje na unachukua muda gani, hilo nikamwelekeza kwa afisa utumishi aliyekuwa amekaa pale mbele, maana huko sio eneo langu.